Mrejesho: Doberman wetu baada ya miezi minane

Miezi minane iliyopita niliwaomba ushauri kama Doberman anafaa kufugwa katika nyumba yenye watoto, na leo narejea kwa shukrani nyingi. Nilitarajia mlinzi mkali. Nimepata mbwa asiyevumilia mlango uliofungwa kati yetu, anayenifuata hadi jikoni na kuniegemea mguuni kwa kilo zake zote 34 mpaka nimpapase kichwa. Walionionya kuhusu mazoezi walisema kweli, kwani asipokimbia asubuhi na jioni hutafuna chochote kilicho karibu, na mguu wa meza yetu una alama za meno yake. Kumfokea hakusaidii, maana hunywea papo hapo. Sauti ya upole na kipande cha nyama humfundisha upesi zaidi. Manyoya yake ni mafupi, hivyo kukiwa na baridi hutetemeka. Kinachonihangaisha hasa ni moyo, kwa kuwa mbwa wa aina hii huandamwa na ugonjwa wa kutanuka kwa misuli ya moyo, unaoweza kujificha kwa miaka bila dalili. Kwa hiyo tumekubaliana na daktari wa mifugo ampime kila mwaka. Watoto wanampenda sana, ingawa bado siwaachi naye peke yao.