Mjadala: Hadithi ya Mapango ya Amboni, mchezaji aandike amri au abonyeze kiungo?

Mkulumuzi: Wadau wa Tanga, vijana wanaotaka kutunga hadithi shirikishi ya Mapango ya Amboni watumie nini? Mimi nasema Twine, programu ya kutungia hadithi za viungo. Msomaji anabonyeza kiungo, sehemu inayofuata inafunguka, na kazi nzima inatoka kama faili moja la HTML linalosomeka kwenye simu. Michezo ya kuandika amri ilikufa na Infocom, kampuni iliyoitengeneza.

Raskazone: Ilikufa wapi, mkuu? Infocom ilifungwa 1989, Graham Nelson akaleta Inform, programu ya kuitungia michezo hiyo, 1993, na IFComp, shindano la hadithi shirikishi, lipo tangu 1995. Halafu unaitaja Amboni ukisahau kwamba utanzu huu ulizaliwa pangoni! Will Crowther aliandika mchezo wa Adventure akifuata pango la kweli, Mammoth Cave la Kentucky. Kiungo kikishakuonyesha "washa taa", fumbo limeteguliwa kabla hujafikiri.

Mkulumuzi: Adventure si ya Don Woods, 1977?

Raskazone: Crowther, 1976. Woods aliipanua mwaka uliofuata. Na hiyo Twine yako, njia panda kumi zenye machaguo mawili mawili ni miisho 1,024. Nani ataiandika?

Mkulumuzi: Hakuna anayeandika hivyo, usinifundishe kazi. Matawi yanaachana kwa sehemu mbili tatu, yanakutana tena, na kinachobaki ni kumbukumbu ya programu: $ana_taa, yaani mchezaji ana taa, ni kweli au si kweli. Basi.

Binti_Ngamiani: Mnagombania tarehe, Kiswahili mmekiacha nje. Kamusi ya Z-machine, mfumo unaoendesha michezo ya Infocom na ya Inform, toleo la 3 inasoma herufi 6 za mwanzo wa neno. "Kifungue" na "kifunge" zote zinakatwa zinabaki "kifung", kwa hiyo kufungua kisanduku na kukifunga vinakuwa amri moja. Toleo la 5 linasoma herufi 9, hapo unapona, ila bado unahitaji kipande cha kuvua viambishi. Kitafute neno zima kwanza. Lisipopatikana, kata kiambishi cha mtendwa, geuza "e" ya mwisho iwe "a", tafuta tena: ufungue, fungue, fungua. Ukianza kwa kukata, "washa" inabaki "sha" na "kimbia" inabaki "mbia". Na hicho kiambishi usikitupe! "Kichukue" ni kisu, "ichukue" ni taa. Programu inajua mchezaji anataka kipi bila kumuuliza.

Mzee_Chumbageni: Wanangu, ushirikishi wazee walikuwa nao. Paukwa, pakawa.

Raskazone: Shikamoo mzee. Hapo nakataa kabisa. Ukiitikia "pakawa" au ukinyamaza, sungura atafanya yale yale. Mtafiti Espen Aarseth aliliweka wazi 1997: msomaji lazima afanye kazi ili apite kwenye matini, si kufungua kurasa tu.

Mzee_Chumbageni: Marahaba. Umejibu paukwa, sasa jibu kitendawili. Hapo usipojibu sawasawa hakuendeleki. Mtafiti Nick Montfort katika kitabu chake cha 2003 anakitaja kitendawili kuwa mzazi mkuu wa michezo hii. Na ukishindwa, unatoa mji.

Binti_Ngamiani: Mzee, hilo liingie kwenye mchezo! Mchezaji akikosea mara tatu, pango linasema "nipe mji". Infocom waliuza vidokezo kwenye vijitabu vya wino usioonekana, sisi tunavyo bure.

Mkulumuzi: Bure ndilo kosa. Mtu anaandika "Bagamoyo" anapewa jibu?

Mzee_Chumbageni: Si bure. Mtegaji akipewa mji anajitapa kwanza jinsi alivyopokewa huko, wewe unasikiliza umeshindwa. Ndiyo malipo yake. Na Tanga isikubaliwe. Utatoaje mji uliosimama ndani yake?

Raskazone: Mchezo wa Amboni unaokataa Tanga? Mzee, hilo hapana!

Binti_Ngamiani: Mtu wa Tanga hawezi kutoa kwao akajiita mkarimu. Mzee kasema kweli.

Mkulumuzi: Ikubaliwe, ila mji ukishatumika ufutwe kwenye orodha, la sivyo mtu ataandika Tanga kwa mafumbo yote hadi anatoka pangoni. Na hiyo orodha, hata kwenye Twine inawezekana: weka kisanduku cha kuandikia.