Binti kamaliza diploma ya IB hapa Texas, krediti zote za chuo azichukue au nyingine aziache?

MamaBinti_Houston
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada hasa nyie ambao watoto wenu wamepita hii njia. Binti yangu kamaliza hai skuli ya serikali hapa Houston kwenye programu ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari), matokeo yametoka julai hii kapata pointi 33 kati ya 45, namshukuru sana Mungu maana mtoto kakesha kwelikweli, ile insha ya maneno 4,000 peke yake ilinyima usingizi nyumba nzima. HL (masomo ya ngazi ya juu, kila somo ni kati ya 7) ana baiolojia 6, historia 5, kiingereza 6. SL (ngazi ya kawaida) ana hesabu 4, kifaransa 5, kemia 5. Anaingia chuo kikuu cha serikali hapahapa Texas na ndoto yake ni udaktari. Sasa baba yake kasikia IB inampa krediti (vile vipimo vya kozi vinavyojumlishwa mpaka digrii) za karibu mwaka mzima, keshapiga hesabu za ada anasema achukue zote amalize miaka mitatu. Binti hataki kuruka baiolojia, anasema ya chuo ni moto mwingine. Mi nipo katikati. Hizo krediti ni haki yake au mpaka chuo kipende? Na zikishaingia haziwezi kumletea shida mbele ya safari?

mzee_wa_usajili
Hongera sana dada, mpe binti pongezi zake. Mi nafanya kazi ofisi ya usajili ya chuo kimoja huku huku Texas kwaiyo hili nalijua vizuri.

Kwanza ni haki yake. Texas kuna sheria toka 2005, mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza chuo cha umma akiwa na diploma kamili ya IB, chuo lazima kimpe angalau krediti 24. Sharti ni kwamba asiwe na mtihani aliopata chini ya 4, akiwa na 3 hata moja chuo kinaruhusiwa kupunguza. Binti yako ya chini kabisa ni 4 ya hesabu kwaiyo yuko salama. Vyuo binafsi kama Rice sheria hiyo haiwabani, wana taratibu zao.

Ila hapa ndo watu wengi hawaelewi. Digrii ni kama krediti 120, kupewa 24 haimaanishi 24 zote zinapunguza digrii yake. Krediti ikiingia kwenye kozi inayodaiwa na ile digrii, hiyo ni pesa mkononi. Ikiingia kama ya hiari tu inakaa kwenye transkripti haimsogezi popote. Kila chuo kina jedwali linaloonyesha somo gani la IB kwa alama gani ni sawa na kozi gani, mkae nalo mezani wewe, yeye na baba yake mlinganishe na mpango wa digrii yake, mstari kwa mstari. Mfano historia: Texas kila mwenye digrii ya chuo cha umma lazima awe na krediti 6 za historia ya Marekani na 6 za somo la serikali (siasa na katiba), sasa kama HL yake ilikuwa historia ya Amerika kuna uwezekano mkubwa hiyo 5 ikamfutia historia. Zile za serikali ajiandae kuzisoma.

Alafu matokeo lazima yatumwe na IB wenyewe moja kwa moja chuoni, ile karatasi mliyoprinti nyumbani hakuna atakayeipokea. Aongee na koodineta wa IB wa shule yake mapema, shule zikifungwa kuwapata hawa watu ni kazi.

dr_mtarajiwa
Shikamoo mama. Mi nilisoma IB Moshi, UWC East Africa, saivi nipo mwaka wa mwisho huku Marekani nasubiri majibu ya shule za udaktari (huku udaktari unausoma baada ya digrii ya kwanza), kwaiyo naongea kama mtu aliye ndani ya hili jambo.

Msikilizeni binti kwenye baiolojia. Krediti ya IB kwa kawaida inaingia bila gredi, na shule za udaktari zinaangalia sana GPA (wastani wa gredi) ya sayansi. Zinatofautiana, zipo zinazokubali IB, zipo zinazotaka sayansi za msingi uzisome chuoni na maabara yake, zipo zinazokubali ila ujazie na kozi za juu yake. Sasa wewe hujui miaka mitatu ijayo ataomba wapi. Kemia ndo kabisaa asiiruke, SL 5 ni nzuri ila kemia ya ogani inakuja mwaka wa pili na haina huruma na mtu mwenye msingi mwepesi. Lakini kiingereza na historia achukue bila kufikiria mara mbili, na kifaransa pia kama digrii yake inadai lugha.

Jambo lingine, aulize kama chuo chake kinaziingiza krediti chenyewe au ni mpaka mwanafunzi azidai. UT Austin (Chuo Kikuu cha Texas pale Austin) kwa mfano mwanafunzi anadai mwenyewe, na hiyo ni nzuri kwake, anadai za historia, za baiolojia anaziacha. Maana kwa kawaida ukishapokea krediti ya kozi alafu ukaisoma tena, ile ya IB inafutwa.

Kaka_Tampa
Nyongeza fupi, kila jimbo na mambo yake. Huku Florida vyuo vya umma vinatoa mpaka krediti 30 kwa IB. California, zile kampasi za UC (University of California), diploma yenye pointi 30 kwenda juu wanakupa yuniti 30 za kota (mihula mifupi kuliko semista) ambazo ni sawa na 20 za semista. Uingereza usitegemee, kule IB inakuingiza chuo tu, miaka mitatu ya digrii iko palepale. Kwaiyo mwenye mtoto aliye bado form ya chini asichukue majibu ya Texas akadhani ni ya dunia nzima.

MamaBinti_Houston
Asanteni sana, marahaba mwanangu na Mungu akufungulie milango hizo shule za udaktari. Nimemsomea baba yake yote. Swali lake: kama anaacha baiolojia na kemia basi hizi nyingine zina faida gani kama hamalizi miaka mitatu?

mzee_wa_usajili
Mwambie shemeji faida ipo. Kwanza akifikisha krediti 30 anahesabiwa mwaka wa pili, na vyuo vingi wenye krediti nyingi ndo wanaofunguliwa usajili mapema, kwa mtoto wa sayansi hiyo ni kubwa maana maabara zinajaa haraka. Pili semista ya kemia ngumu anaweza kubeba krediti 12 au 13 badala ya 16, bado ni fultaimu na msaada wa ada hauguswi, na gredi zinapona. Tatu akitaka anaweza kumaliza miaka mitatu na nusu, semista nzima ya ada imeokoka hapo. Ila kama ana skolashipu msome masharti yake kwanza, nyingine zinataka idadi fulani ya krediti kila mwaka, na za IB hazihesabiwi kwenye hiyo idadi. Siku ya orientesheni aende na lile jedwali limechapwa, amuulize mshauri wa masomo ya afya, siyo yule wa jumla.