Mafundi wa "seva ya nyumbani" hapa Unguja, mnatuuzia kazi nusu

Assalaam alaykum jamani. Uzi huu ni wa hasira na sitouficha.

Tokea Windows 10 iachwe mkono na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, maofisi yanatoa kompyuta kuukuu kwa mafungu, na mjini imezuka biashara. Boksi la zamani linatiwa OpenMediaVault au TrueNAS, programu za kuigeuza kompyuta ghala la mafaili la nyumba, linapelekwa nyumbani kwa mtu, anaambiwa aweke humo picha na video zake zote, simu zote za nyumba zitaingia. Pesa inatoka. Miezi haipiti mingi, video za harusi hazifunguki na fundi hapokei simu.

Programu zote mbili ni bure. Kushusha faili la kusimikia (ISO), kuliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, kuwasha kompyuta kwa flashi ile na kujibu masuala matano haichukui saa nzima. Hapo hamjafanya kazi bado. Kazi ni yale mnayoyaruka.

Betri ya saa kwenye mazabodi, CR2032. Kompyuta ya miaka kumi ishakufa betri hiyo, na bei yake haizidi sahani ya urojo, lakini hakuna anayeibadilisha. Umeme ukikatika, BIOS, yaani mipangilio ya kuwashia mashine, inasahau kila kitu: saa inarudi nyuma miaka, mtindo wa kusoma diski unatoka AHCI na kurudi ule wa zamani wa IDE, diski ya kuwashia haijulikani ni ipi, na mashine inasimama kwenye "Press F1" ikingoja mtu abonyeze. Abonyeze nini? Kibodi na skrini mmeshaondoka navyo, boksi liko juu ya kabati! Na akifika wa kubonyeza, kama NTP, inayosahihisha saa kwa intaneti, hamkuiwasha, saa ya nyuma inaifanya apt, inayoshusha programu mpya, ikatae kusasisha, inasema Release file "is not valid yet", mwenye nyumba anadhani intaneti ndiyo mbovu. Tieni betri mpya, halafu ingieni BIOS: Restore on AC Power Loss iwe Power On, Halt On iwe No Errors, SATA iwe AHCI. Dakika kumi.

RAM. TrueNAS inataka GB 8 kwa uchache, wenyewe wameandika. Nyinyi mnaitia kwenye GB 4 kisha mnashangaa inakwama. ZFS, mfumo wake wa kupanga mafaili, inakula RAM kwa kuhifadhia yanayosomwa mara kwa mara, ndivyo ilivyoundwa. Mashine ya GB 2 au 4 itieni OpenMediaVault na mfumo mwepesi wa ext4, inatosha kabisa kwa nyumba. Na diski ya mfumo haichanganywi na diski ya mafaili. TrueNAS inaichukua diski ya kuwashia yote, kwa hiyo ukiitia kwenye diski ya TB 1 umemnyang'anya mteja TB 1. SSD ndogo ya GB 64 inatosha. Mkilazimika kutumia flashi kwa OpenMediaVault, wekeni plagini ya kupunguza kuandika kwenye flashi, kama flashmemory, la sivyo kumbukumbu za mfumo zitaandikwa humo mchana na usiku mpaka flashi ife.

Sasa diski, ndiko kwenye wizi hasa. Diski zilizotolewa kwenye DVR za kamera zinafutwa vumbi, zinatiwa kwenye mfuko mpya, zinauzwa "bado mpya". Mwaka mmoja una saa 8,760. Endesheni amri hii, inayosoma SMART, yaani kumbukumbu ya afya ya diski:

smartctl -a /dev/sda

mtizame Power_On_Hours. Ikisoma 40,000, diski imezunguka zaidi ya miaka minne na nusu bila kupumzika. Halafu mstari wa 5, Reallocated_Sector_Ct, na wa 197, Current_Pending_Sector. Ule wa 197 usipokuwa sifuri, hiyo si diski ya kumpa mtu aweke picha za marehemu babake. Mstari wa 199 ni hadithi nyengine: huo ukipanda, mara nyingi kosa ni la waya wa SATA. Kwa hewa yetu ya chumvi miguu ya waya inashika kutu, data inafika imeharibika njiani na kutumwa tena. Badilisheni waya kabla ya kuhukumu diski. Namba za SMART nazo zinafutika, walaghai wanajua, kwa hiyo msiishie kuzisoma. Pigeni smartctl -t long, mtihani mrefu wa diski yenyewe, na diski ikiwa tupu, badblocks -b 4096 -wsv, ambayo inajaribu kila pahali, inafuta kila kitu na kwa TB 4 inachukua siku kadhaa. Mnaona ndefu? Mteja anakaa na diski hiyo miaka.

Zile SSD za nje za "TB 16" kwa bei ya mchele ni kadi ndogo iliyodanganywa ukubwa wake. Zinapokea mafaili mpaka nafasi ya kweli ijae, kisha zinaandika juu ya yaliyotangulia au zinatupa, na orodha ya mafaili inaonekana nzima. Programu ya f3 inazifichua: f3write, halafu f3read.

Na RAID (kuziunganisha diski zifanye kazi kama moja) ya kwenye mazabodi iacheni. Mazabodi ikiungua, utapata taabu kuzisoma diski kwengine. RAID ya programu, Mdadm au ZFS, zinasomeka kwenye kompyuta yoyote ya Linux yenye programu hizo. Na kioo cha diski mbili, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili, si bekapu: ukifuta faili, linafutika kote kuwili papo hapo.

Umeme. Kisiwa hichi kilikaa kiza tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kwa hitilafu ya njia ya umeme wa waya wa chini ya bahari, bado fundi wa hapa anauza seva bila UPS, betri ya akiba ya umeme! Na UPS yenyewe iwe na tundu la USB, iunganishwe na kompyuta, programu ya NUT iwekwe izime mashine kwa adabu kabla betri haijesha. UPS isiyo na USB inapiga kelele tu, kisha mashine inakatika vilevile, kwa kuchelewa dakika kumi. Mwambieni mteja pia habari ya tukuza, umeme wa kulipia kabla: boksi la wati 60 likiwaka saa 24 linakula uniti 43 kwa mwezi. Ni haki yake kujua kabla hajalipa.

Mtandao kwa ufupi: rauta yenye matundu ya megabiti 100 haipitishi zaidi ya MB 11 hivi kwa sekunde. TB 1 ni zaidi ya siku nzima. Swichi ya gigabiti na waya wa Cat5e wenye nyuzi zote nane, msibane nne.

Na aliyefungua mlango 445, wa kugawana mafaili, kwa intaneti nzima ili mteja "aone mafaili akiwa Dubai", huyo asiitwe fundi. Kirusi cha WannaCry cha 2017 kilipita mlango huohuo. Wekeni WireGuard au Tailscale, njia ya siri ya kuingia nyumbani kutoka mbali.

Jibu la 2
Sheikh, maneno yako kweli, lakini mteja ukimtajia UPS na kupima diski siku nne anahamia duka la pili. Tufanyeje?

Jibu la 3, mwenye uzi
Mwandikie karatasini: namba ya diski, saa zake, mistari ya 5 na 197, UPS ipo au haipo. Akikataa UPS atie saini. Anayehama na ahame, lakini usimwambie mtu kitu ni kizima nawe hujakipima.

Jibu la 4, Wete
Sie Pemba laptopu za skuli zilizovunjika vioo zipo tele. Zinafaa?

Jibu la 5, mwenye uzi
Zinafaa, na kwa nyumba ndogo nazipenda kuliko maboksi. Nyingi zinakula wati 10 mpaka 20, na betri yake inakaa badala ya UPS. Ila itizame kwanza: ikiwa imevimba itoe, usiiache chumbani inachajiwa mwaka mzima. Ndani ya /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukiifunga inalala. Diski ya pili ikipitia USB 2.0 utapata MB 30 au 35 kwa sekunde, kwa hiyo tafuta yenye tundu la USB 3.0, na diski ya inchi 3.5 iwe na adapta yake ya umeme. Safisha feni, badilisha na pesti ya prosesa.