Kugawa notsi za chuo: Drive, Classroom, Moodle au Telegram?

mkufunzi_bara: Wakuu, nalinganisha njia za kuwapa wanachuo 240 notsi za muhula: mada 12, PDF na video fupi. Wengi wanatumia simu na bando la siku. Ipi inafaa?

fundi_seva: Kama mna grupu la WhatsApp, liache libaki la matangazo. Faili ambayo mtu hakuipakua mapema huondolewa kwenye seva, kisha anaanza kuomba irushwe upya. Chaneli ya Telegram inabeba hadi GB 2 kwa faili moja, na aliyejiunga leo anaona yote tangu mwanzo. Kila chapisho lipe hashtegi (#mada03), la sivyo utaulizwa "iko wapi" mpaka mtihani.

dada_maktaba: Kugawa sawa, ila kukusanya kazi Telegram haiwezi. Hapo ni Google Classroom, darasa la mtandaoni, inaonyesha nani kachelewa. Ukitumia Google Drive tupu, GB 15 za bure unazigawana na Gmail na picha zako. Na angalia ruhusa: wenye kiungo wawe wa kusoma tu. Ukiwapa kuhariri, mmoja akihamisha faili wote wanaikosa. Ukifunga kabisa, unapata maombi 240 ya kufunguliwa. Ukirekebisha notsi usifute na kupakia upya, kiungo kitakufa. Ingia kwenye matoleo ya faili, pakia toleo jipya humohumo.

mkufunzi_bara: Moodle je, ule mfumo wa kozi unaouweka kwenye seva yako? Seva ya chuo ipo.

fundi_seva: Moodle ni bure, inayotaka gharama ni kuitunza. Kero ya kwanza: umeweka kikomo cha MB 100, bado inakataa faili inayozidi MB 2. Anayebana ni PHP, lugha inayoendesha Moodle: upload_max_filesize huja na MB 2, post_max_size MB 8. Panua zote, ya pili izidi ya kwanza, uwashe PHP upya. Kama mbele kuna Nginx (programu ya seva inayopokea maombi ya wavuti), ongeza client_max_body_size. Hiyo huanzia MB 1 na kosa lake ni 413, yaani kilichotumwa ni kikubwa mno. Cron (kinachoendesha kazi za seva kwa ratiba) nayo iende kila dakika, vinginevyo barua pepe za matangazo hazitoki. Tamu yake ni app: mwanachuo anapakua kozi kwa wifi ya chuo, anasoma nyumbani bila bando.

dada_maktaba: Yoyote utakayochagua, punguza PDF kwanza. Skani ya rangi ya dpi 300 (nukta kwa inchi) inaweza kufika MB 40 kwa mada. Mara 12 ni MB 480, nusu GB ya mtu imekwenda. Dpi 150 ya kijivu inasomeka vizuri. Kama una faili ya Word, ihifadhi moja kwa moja kuwa PDF, maneno yatatafutika. Video za slaidi, 480p zinatosha.

mkufunzi_bara: Basi Telegram kwa notsi, Classroom kwa kazi.

fundi_seva: Sawa mkuu, ila tarehe za mwisho ziandike Classroom tu. Zikiwa sehemu mbili, ukibadilisha moja utasahau nyingine.