Yadi za magari Mwanza: hiyo 96,000 mnayoandika ni maili au kilometa? Mmezidi!

Wakuu, salama? Huu uzi ni wa hasira, anayetafuta lugha laini asogee jukwaa la mapenzi.

Nawazungumzia nyie wa yadi na madalali wa magari hapa mjini mnaoandika "imetembea 96,000 tu" halafu mnanyamaza. Elfu tisini na sita nini? Hatua? Gari ikitoka Japani hatuna ugomvi, dashibodi za kule zinahesabu kilometa kama sisi. Ikitoka Uingereza inahesabu maili, na hilo mnalijua kuliko mimi maana ndiyo ugali wenu. Maili moja ni mita 1,609. Kila elfu moja inayoonekana pale kwenye dashibodi ni kilometa 1,609. Hamsemi. Mnaiacha namba ikae uchi ili mnunuzi aivalishe kilometa mwenyewe, kwa sababu ndicho kipimo alichokulia nacho.

Aliyepigwa safari hii ni shemeji yangu. Ni mtu wa dagaa, ananunua Mwaloni Kirumba na kupeleka mikoani, hela yake ameitafuta kwa kunuka samaki. Akaona Land Rover ya dizeli kwenye yadi moja (siitaji, wenyewe wanajijua), imetoka Uingereza. Tulikwenda wote. Akauliza kwa mdomo wake: hizi ni kilometa? Akajibiwa, "Kilometa hizo bosi wangu, ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu, anaendea kanisani tu." Sijui kwa nini magari yote yanayoletwa huku yalikuwa ya wazee wastaafu. Vijana wa Uingereza wanatembea kwa miguu?

Kichekesho kingine ni mafuta. Kwenye kioo cha dashibodi kulikuwa na wastani wa mafuta wa 30. Kijana wa yadi akasema bila aibu kwamba gari inakwenda kilometa 30 kwa lita. Gari ya tani mbili na nusu! Hiyo ni hesabu ya bodaboda imebeba mishikaki. Ile 30 ni maili kwa galoni, na galoni ya Waingereza ni lita 4.5 na ushee. Ukipiga hesabu unapata kilometa kumi na nusu hivi kwa lita, ambazo kwa gari ile si mbaya hata kidogo. Angesema ukweli tungenunua vilevile. Ndiyo maana nasema hawa watu wanadanganya hata pale uongo usipowasaidia chochote.

Sasa sikilizeni ilivyobumburuka. Shemeji ametoka zake Magu anarudi mjini, akafika Kisesa kwenye kibao cha 50. Yeye mshale kauweka chini kidogo ya 50, katulia, anasikiliza redio. Mbele akasimamishwa. Trafiki anamwonyesha tochi: 79. Akabisha, akaapa, akamwita afande aje aangalie mshale ulipokuwa. Afande akaingiza kichwa dirishani, akacheka, akamwambia, "Mzee, hizo namba kubwa ni maili. Kilometa ni hizo ndogo za ndani." Maili 49 kwa saa ndiyo hiyo hiyo 79 ya kwenye tochi. Faini elfu thelathini ikalipwa, na afande yule namshukuru, kwa sababu ndiye mtu wa kwanza kwenye mlolongo wote huu kusema kitu cha kweli kuhusu ile gari.

Kama spidi ni maili, na ile 96,000 je?

Tulitafuta kwenye makaratasi ya zamani tukapata namba ya usajili wa kule. Uingereza gari ikishafika miaka 3 inakaguliwa kila mwaka, na mkaguzi anaandika dashibodi inasoma ngapi na kwa kipimo gani. Rekodi zile ziko kwenye tovuti ya serikali yao, bure, unaingiza namba ya gari tu. Ukaguzi wa mwisho kabla haijapandishwa meli: elfu tisini na kitu, na pembeni limeandikwa neno maili. Kwa hiyo gari ya shemeji imetembea kilometa 154,000 na ushee. Pengo ni zaidi ya kilometa 58,000. Kutoka hapa mpaka Dar kwa barabara ni kama kilometa 1,150, basi wamemficha safari hamsini za Mwanza kwenda Dar.

Na msiseme gari nzima, injini inaimba, shida iko wapi. Shida ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya pistoni na valvu ziende kwa mpangilio, na unabadilishwa kwa kuhesabu kilometa. Yadi walimwambia mkanda bado sana, una kilometa zaidi ya sabini elfu mbele. Fundi wetu wa Nyakato kapiga hesabu upya kwa kitabu cha gari: zimebaki kama elfu kumi na tatu, na kwa umri wake hangesubiri hata hizo. Injini ile mkanda ukikatika ukiwa mwendoni, pistoni zinagonga valvu, kwisha habari. Unaweza kuwa katikati ya pori unaitazama gari ya mamilioni imekuwa banda la kuku. Halafu uingie sokoni kutafuta injini ya Land Rover, uone bei.

Tukarudi yadi. Meneja akatukaribisha soda. Akasikiliza mpaka mwisho, akatoa karatasi ya mauziano, akaweka kidole: "Kaka, tumeandika maileji. Maileji si ndiyo hizo maili? Tumekuficha nini?"

Wakuu, niliona giza. Nchi hii ukimuuliza dereva wa basi, fundi, mtu wa bima, hata mtoto anayeosha magari pale Buzuruga kuhusu maileji ya gari, atakutajia kilometa. Wakati wa kuuza ilikuwa kilometa. Wakati wa kudaiwa imekuwa maili. Na msije kusema Watanzania tunaijua maili. Ndiyo, Kibaha kuna Maili Moja, Dodoma kuna Maili Mbili, Moshi kuna Maili Sita. Majina tumebaki nayo. Lakini vibao vya barabarani ni kilometa, nauli ya basi inapangwa kwa kilometa, na bosi akikupa hela ya mafuta anauliza kilometa ngapi. Hakuna mtu Mwanza anayetoka Igoma kwenda Usagara akahesabu maili.

Meneja hakuishia hapo. Akasema eti maili zenyewe ziko nyingi, za kule si lazima ziwe sawa na tunazozitafuta kwenye simu. Uongo mtupu. Zamani kweli zilitofautiana. Warumi walikuwa na hatua zao elfu moja za askari, mguu wa kushoto mpaka urudi tena wa kushoto. Waingereza wakaja kuifunga kwenye futi 5,280 kwa sheria ya mwaka 1593, enzi za Malkia Elizabeth wa kwanza. Na mwaka 1959 Waingereza, Wamarekani na wenzao walikubaliana urefu wa yadi (ile ya kupimia urefu, si hizi zenu za magari), ndipo maili ikawa mita 1,609.344 kamili. Hiyo gari imeundwa miaka mingi baada ya hapo. Hakuna maili nyingine ya barabarani iliyojificha Uingereza kumsubiri yeye.

Kijana wake mmoja akaona amsaidie bosi. Akasema amewahi kufanya kazi kwenye boti, na GPS za ziwani zina maili zake tofauti. Ni kweli, ndugu yangu, zipo. Maili ya majini ni mita 1,852, ni ndefu zaidi. Kwa maili zako gari ingekuwa imetembea kilometa 178,000. Bosi alimtazama kijana yule kwa jicho ambalo nadhani halijamtoka mpaka leo.

Jibu la mwisho tulilopewa: gari iliyotumika inauzwa kama ilivyo. Kama ilivyo ndiyo, lakini si kama mlivyosema ilivyo.

Kuna mtu najua atakuja hapa kuniambia "mnunuzi alitakiwa kufumbua macho". Mnunuzi aliuliza. Nimeandika juu hapo kwamba aliuliza, soma tena. Mchuuzi wa dagaa mizani yake ikisoma vibaya, Wakala wa Vipimo wanamshukia pale pale mwaloni, na ni haki yao. Pampu ya mafuta ina stika yao. Muuza gari anakuuzia namba isiyo na kipimo kwa mamilioni, halafu anakunywesha soda.

Shemeji hataki kurudisha gari, ameshaizoea. Anataka tofauti ya bei, kwa sababu gari ya kilometa 154,000 haiuzwi bei ya gari ya kilometa 96,000, nendeni yadi yoyote muone. Wanasheria mliomo humu: hii inaanzia kwa Wakala wa Vipimo, Tume ya Ushindani au mahakamani moja kwa moja? Na maneno ya mdomo yana uzito gani mbele ya karatasi iliyoandikwa maileji tu? Mimi nilikuwepo nikasikia. Na kabla hatujaenda pale, muuzaji alimtumia shemeji sauti ya WhatsApp kuisifia gari, anataja kilometa mara mbili. Hiyo sauti hatujaifuta, na meneja hajui kama tunayo. Sasa anajua, maana najua anasoma humu.