Naomba ushauri: ndama wangu amekufa kwa ndigana kali au ndigana baridi?

Ndugu wafugaji na wataalamu wa mifugo, juzi nilipoteza ndama jike wa miezi mitano, ambaye kwa siku nne alikuwa na homa kali, tezi za chini ya masikio zimevimba kama ndimu, na mwishoni akawa anahema kwa shida huku povu jeupe likimtoka puani. Kwa kuwa hakutokwa na damu kwenye matundu ya mwili, dalili ambayo ingenifanya nihofie kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu, na nisikubali apasuliwe, afisa mifugo alimfungua mbele yangu: njia ya hewa ilijaa povu, na mapafu yalikuwa mazito yenye maji. Akasema ni ndigana kali, inayosababishwa na kimelea kinachobebwa na kupe.

Kinachonitatiza ni nyongo, ambayo nayo ilikuwa imejaa, nzito, ya kijani iliyokoza, jambo nililozoea kulisikia kwa ndigana baridi, ugonjwa mwingine unaoenezwa na kupe. Je, magonjwa yote mawili yanaweza kumpata mnyama mmoja kwa wakati mmoja, au nyongo hujaa tu kwa sababu mnyama hali chakula?

Sikupimisha damu wala majimaji ya tezi alipokuwa hai, na hilo najilaumu. Nimebakiwa na ndama wawili, na mmoja tezi yake imeanza kuvimba tangu jana. Nimchukue sampuli gani kabla hajachomwa sindano yoyote? Kuogesha naogesha kila wiki, ingawa dawa ya kuua kupe, nakiri, huwa naipima kwa jicho.