Naomba ushauri: nimenyimwa malipo ya siku ya kuuguza mtoto, Michigan

Ndugu zangu mlioko Marekani, naomba msaada. Nafanya usafi hotelini hapa Grand Rapids, mwaka wa pili sasa, tuko wafanyakazi zaidi ya 30. Juzi binti yangu aliamka na homa ya 39, midomo imemkauka kabisa. Nikapiga simu kazini kabla ya zamu. Siku ile sikulipwa. Msimamizi anadai likizo ya ugonjwa ni ya mfanyakazi mwenyewe tu. Mbona sheria ya jimbo iliyoanza 21 Februari 2025 inatoa saa 1 kwa kila saa 30 za kazi, hadi 72 kwa mwaka, na kuuguza mtoto kumo? Nimwandikie mwajiri kwanza, au niende moja kwa moja idara ya kazi ya jimbo? Naogopa kupunguziwa zamu.